Daftari la Mauzo Halijui Mteja Alitaka Nini

Wenye maduka wengi huagiza bidhaa kwa kutazama nyuma. Pakiti za unga wa Jogoo zimetoka ngapi wiki iliyopita, za Pembe ngapi, za Soko ngapi. Basi wiki hii ziletwe hizo hizo, labda na ziada kidogo ikiwa mwisho wa mwezi u karibu. Ndivyo linavyofanya duka lililojengwa kwa mabati pale Kimuka, Kaunti ya Kajiado nchini Kenya, ng'ambo ya Vilima vya Ngong, na ndivyo zinavyofanya supamaketi za Kitengela katika kaunti hiyo hiyo, ila kule Kitengela hesabu inapigwa na kompyuta. Kwa bidhaa isiyo na mwenzake mtindo huu hauna ubaya mkubwa. Lakini bidhaa nyingi dukani zina wenzao. Mteja akikosa unga wa chapa moja huchukua wa chapa nyingine, na hapo ndipo daftari linapoanza kupotosha: linaandika alichopewa, halijui alichokuja kutafuta. Duka linaloagiza kwa kufuata mauzo peke yake, bila kuwahesabu waliobadilishiwa bidhaa na walioondoka mikono mitupu, litarudia kosa lile lile mwaka nenda mwaka rudi, tena likiamini kwamba limepatia.

Tupige hesabu ndogo. Tuseme duka lina chapa mbili za unga wa mahindi, na kila wiki wateja 20 hutaka ya kwanza na 10 hutaka ya pili. Mwenye duka hajui hilo, kwa hiyo anaagiza pakiti 15 za kila moja. Chapa ya kwanza inaisha kabla ya wiki kwisha na wateja watano wanaikosa. Watatu wanakubali ya pili, wawili wanaenda zao. Daftari linasoma 15 kwa 13. Wiki inayofuata anaagiza hivyo hivyo, 15 kwa 13, na mambo yanajirudia: watano wanakosa, watatu wanabadilishiwa, wawili wanaondoka. Safari hii hakuna pakiti hata moja iliyobaki. Oda imelingana na mauzo barabara, na mwenye duka ana kila sababu ya kujipongeza. Kumbe chapa moja inatakiwa maradufu ya nyingine, lakini yeye anaziona kama zinakaribiana, na wale wawili wanaoondoka kila wiki hawamo katika kitabu chochote. Mtu makini atauliza: kwani chapa kuisha mapema si ishara tosha? Ni ishara, iwapo kuna aliyeandika iliisha siku gani. Daftari la kawaida huandika idadi, haliandiki siku.

Habari inayokosekana hupita dirishani kwa sekunde chache. Mtoto ametumwa na mamake, kashika noti, anasema, "Jogoo ya kilo mbili." Anajibiwa, "Jogoo imeisha. Mwambie mama kuna Pembe." Mtoto anasita, kwa sababu aliyetumwa siye anayechagua, ama anarudi nyumbani kuuliza, ama anajaribu duka linalofuata ili asigombezwe. Mtu mzima angesema, "Haya, nipe hiyo," na mambo yangeishia hapo. Katika maneno hayo machache kuna kila kitu ambacho mwenye duka angehitaji kwa oda yake: chapa iliyotakiwa, iliyokubaliwa badala yake, na kama mauzo yalipotea au yalipona. Kinachobaki jioni ni alama moja tu upande wa Pembe, au hakuna alama kabisa.

Asiyeamini kwamba mauzo yanaweza kupotosha kiasi hicho na akumbuke Novemba 2019. Mwezi huo Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa chapa tano za unga wa mahindi baada ya kupatikana na sumukuvu kupita kiwango kinachoruhusiwa: Dola, Kifaru, Starehe, 210 Two Ten na Jembe. Januari 2020 orodha ikaongezwa chapa nyingine. Familia zilizozoea Dola hazikuacha kula ugali kwa sababu ya tangazo hilo. Zilihamia chapa zilizosalia. Mauzo ya chapa hizo katika majuma yale yalikuwa na wageni ndani yake, watu waliosukumwa na amri ya serikali wala hawakuvutwa na ladha. Dola baadaye ilirudi kwenye rafu. Duka lililochukua takwimu za kipindi kile likazifanya msingi wa oda za miezi iliyofuata lilikuwa limehesabu wageni kama wenyeji. Julai 2022 mambo yakaja kwa sura nyingine. Serikali ilitangaza ruzuku ya kushusha bei ya pakiti ya kilo mbili kutoka zaidi ya shilingi 200 hadi shilingi 100, majuma machache kabla ya uchaguzi wa Agosti. Unga wa bei hiyo ulikuwa adimu, na wengi walioufuata madukani wakaukosa. Mwenye duka aliyesoma mauzo yake ya mwezi ule angeona unga umetoka kidogo. Angekosea sana kuamua kwamba watu walitaka unga kidogo.

Haya si ya Kenya pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti Daniel Corsten na Thomas Gruen walikusanya tafiti kutoka nchi nyingi kuhusu bidhaa zinazokosekana madukani. Walikuta kwamba kwa wastani asilimia 8.3 ya bidhaa hazikuwepo kwenye rafu wakati mteja anazitafuta. Wakauliza pia mteja hufanya nini akikosa. Asilimia 31 walienda kununua katika duka jingine. Asilimia 26 walichukua chapa nyingine, na asilimia 19 walichukua chapa ile ile kwa ukubwa au aina tofauti. Asilimia 15 waliahirisha, na asilimia 9 hawakununua kabisa. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya waliokosa walibadilisha bidhaa papo hapo na kuacha alama ya uongo katika mauzo, na wengi wa waliobaki hawakuacha alama yoyote. Kuna anayeweza kusema kwamba takwimu hizo zilitoka hasa katika supamaketi za nchi tajiri na kwamba duka la mtaani si supamaketi. Ni kweli, na ndiyo maana mgawanyo wake hauwezi kuhamishwa hivi hivi hadi Kajiado. Hata ndani ya Kajiado kwenyewe hauwezi kuwa mmoja.

Kitengela, kwa sensa ya 2019, ilikuwa na watu zaidi ya 154,000. Maduka yamebanana, supamaketi ziko kando ya barabara kuu iendayo Namanga, na aliyekosa chapa yake huvuka barabara tu. Kukosa bidhaa kule humpotezea muuzaji mteja mzima, pamoja na sukari, sabuni na maziwa ambayo angenunua katika safari hiyo hiyo. Kimuka, kwenye barabara ya Ngong kwenda Suswa, maduka ni machache na mji mwingine uko mbali kwa mwenda kwa miguu. Nauli ya boda boda kwenda Ngong kutafuta chapa fulani ya unga hailipi. Mteja wa Kimuka atachukua kilichopo. Kwa hiyo maduka mawili yenye daftari linalofanana kabisa yanaweza kuwa na magonjwa tofauti: la Kitengela linapoteza watu bila kujua, la Kimuka linapoteza habari bila kujua. Na oda zao zinapaswa kutofautiana. Kimuka duka linaweza kupunguza idadi ya chapa bila hasara kubwa, mradi jumla ya unga isipungue, kwa sababu unga ukiisha wote hakuna pa kukimbilia. Kitengela kupunguza chapa ni hatari zaidi, lakini jumla ya akiba inaweza kuwa ndogo, kwani muuza jumla yuko karibu na mzigo unaweza kuletwa siku hiyo hiyo. Wauzaji wa kampuni wanaopita na vitabu vya oda hushawishi pande zote mbili kwa maneno yale yale: chukua kila kitu, kidogo kidogo.

Ushauri huo wa kidogo kidogo ndio unaowafilisi wenye mtaji mdogo. Mwaka 2001 Siddharth Mahajan na Garrett van Ryzin walichapisha uchambuzi wa kihesabu wa duka ambalo wateja wake hubadilisha bidhaa wanapokosa. Walionyesha kwamba, ikilinganishwa na kanuni ya zamani inayotazama kila bidhaa peke yake, duka la namna hiyo linapaswa kuongeza bidhaa zinazopendwa na kupunguza zisizopendwa. Ukitafakari utaona sababu. Anayetaka chapa isiyo na wengi akiikosa, kuna uwezekano mkubwa atahamia ile maarufu, hivyo maarufu ina wateja wake na akiba ya wateja wa wenzake. Ile isiyo maarufu ikibaki, inabaki na vumbi lake. Beli moja la unga lina pakiti 12 za kilo mbili. Duka dogo likiweka beli moja moja la chapa sita limefungia fedha katika pakiti 72, na bado chapa inayotakiwa zaidi inaweza kuisha siku ya tatu. Fedha hizo hizo zikiwekwa katika chapa mbili au tatu zilizochaguliwa vizuri zingehudumia watu wengi zaidi. Swali gumu ni kuzichagua, na hilo daftari la mauzo haliwezi kulijibu.

Ukubwa wa pakiti nao una sheria yake, na nadhani haujapewa uzito unaostahili. Aliyetaka kilo mbili akikuta pakiti za kilo moja anaweza kununua mbili. Aliye na fedha za kilo moja hawezi kununua kilo mbili, hata umsihi vipi. Ubadilishaji huu huenda upande mmoja tu. Duka lenye pakiti ndogo linaweza kumhudumia mwenye fedha nyingi na mwenye fedha kidogo. Lenye pakiti kubwa peke yake linamfukuza mwenye fedha kidogo. Hii ndiyo sababu kadogo, yaani kuuza kwa vipimo vidogo, imetawala katika biashara ya mtaani, kuanzia mafuta ya kupima hadi sabuni ya unga ya shilingi chache, na wala si kwa sababu ya umaskini peke yake. Gharama yake naijua: kilo iliyonunuliwa vipande vipande huwa ghali kuliko iliyonunuliwa mara moja, na mwenye duka mwenye haki hataacha pakiti kubwa ziishe kwa makusudi ili watu walipe bei ya vipande.

Kimuka ina jambo jingine ambalo takwimu za jiji hazilioni. Katika jamii ya wafugaji, mshindani wa maziwa ya pakiti ni ng'ombe aliye bomani. Mvua ikinyesha na malisho yakiwepo, maziwa ya nyumbani yapo na pakiti hulala kwenye rafu. Mvua ikikosa, ng'ombe huhamishwa au hufa, na familia ile ile inakuja dukani kununua maziwa na unga zaidi. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 maeneo makavu ya Kenya, Kajiado ikiwemo, yalipitia misimu mitano mfululizo ya mvua kushindwa. Mwenye duka aliyeagiza maziwa kwa kufuata mauzo ya mwaka wa mvua alikosa bidhaa wakati ilipohitajika zaidi. Atakayeagiza mwaka wa malisho kwa kufuata mauzo ya ukame atamwaga maziwa. Oda nzuri hapa hutazama mawingu kabla ya kutazama kitabu.

Zipo bidhaa ambazo hazibadilishwi, na hoja yangu isichukuliwe kana kwamba kila kitu ni unga. Dawa aliyoandikiwa mgonjwa, maziwa ya kopo ya mtoto mchanga na dawa ya kupe inayofaa mifugo ya eneo fulani havipaswi kubadilishwa kwa neno la dirishani la "hii ni sawa tu." Wakati mwingine ni sheria inayofunga mlango. Kanuni za gesi ya kupikia za mwaka 2009 zilianzisha mfumo wa kubadilishana mitungi, hata mteja mwenye mtungi mtupu wa kampuni moja akaweza kuchukua uliojaa wa kampuni nyingine. Kanuni za 2019 zikauondoa ulazima huo, hasa kwa sababu ya ujazaji haramu na usalama. Tangu hapo muuzaji wa mitungi ya kilo sita hawezi kutegemea chapa moja iokoe nyingine. Ndiyo maana jambo la kwanza ambalo mwenye duka anapaswa kufanya ni kuzigawa bidhaa zake makundi mawili: zile ambazo mteja hukubali mbadala, na zile ambazo hakubali au hapaswi kukubali. Kundi la pili ndilo la kulindwa lisiishe kamwe, hata kama mauzo yake ni madogo. Wengi hufanya kinyume: hulinda kinachotoka haraka na kusahau kile ambacho kikikosekana hakuna wa kushika nafasi yake.

Kuna wanaosema haya yote ni anasa ya wenye nafasi. Mwenye duka yuko peke yake tangu alfajiri, anauza, anatuma M-Pesa, anadai madeni. Atapata wapi muda wa utafiti? Lakini huyo huyo tayari ana daftari la mkopo, na analiandika kwa uangalifu mkubwa kwa sababu linahusu fedha zake. Ukurasa mmoja wa nyuma katika daftari hilo unatosha. Mtu akiuliza kitu ambacho hakipo, andika jina la kitu, kisha alama moja kama amechukua kingine, alama tofauti kama ameondoka. Wiki nne za ukurasa huo zitamweleza zaidi ya mwaka mzima wa mauzo. Kipingamizi kizito zaidi ni cha mtaji: kwamba duka huagiza kile ambacho fedha za siku hiyo zinaruhusu, wala si kile ambacho hesabu inashauri. Nakubali kwamba fedha ndizo zinazoamua kiasi. Hata hivyo ufinyu wa fedha unaongeza thamani ya hesabu. Mwenye akiba kubwa anaweza kukosea na akasimama. Utafiti wa biashara ndogo uliotolewa na Shirika la Takwimu, KNBS, mwaka 2016 ulikadiria kwamba biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka mitano. Sidai kwamba zilifungwa kwa sababu ya oda mbaya. Nadai tu kwamba nafasi ya kukosea ni nyembamba.

Wengine huweka tumaini kwenye teknolojia. Katika muongo uliopita kampuni kama Twiga, Sokowatch ambayo baadaye iliitwa Wasoko, na Copia zilikuja na ahadi ya kurahisisha usambazaji kwa maduka madogo na wanunuzi wa vijijini kwa simu. Copia iliingia mikononi mwa wasimamizi Mei 2024, na sababu za anguko lake ni za kifedha, nje ya hoja yangu hapa. Ninachosema ni kwamba programu ya namna hii huona oda ya mwenye duka. Haimsikii mtoto aliyesimama dirishani. Kama oda yenyewe imetokana na daftari lililopotoka, kompyuta italirudia kosa hilo kwa kasi na kwa rangi nzuri. Supamaketi zina njia moja ambayo duka dogo halina: zinaweza kulinganisha matawi. Watafiti Gürhan Kök na Marshall Fisher, wakifanya kazi na maduka ya Albert Heijn nchini Uholanzi, walipima ubadilishaji kwa kutazama tawi lenye bidhaa zote na tawi lililokosa baadhi yake. Kampuni ya unga inaweza kufanya hivyo Kajiado, ikatumia rafu zilizojaa za Kitengela kujua watu huchagua nini wanapokuwa na uhuru. Tahadhari ni moja: mkazi wa Kitengela na wa Kimuka si mtu mmoja, wala mfuko wao si mmoja.

Ipo pia hoja ambayo wafanyabiashara hawaitamki hadharani. Ikiwa mteja atakubali mbadala, kwa nini usiiache chapa yenye faida ndogo iishe ili achukue yenye faida kubwa? Kihesabu, hoja hiyo ina mashiko. Kitengela soko lenyewe litamwadhibu anayeizidisha, kwa kuwa mteja atavuka barabara. Kimuka hakuna wa kumwadhibu, na hapo ujanja wa oda unageuka kuwa kodi anayotozwa mtu kwa kuishi mbali. Hata wakubwa hawana kinga dhidi ya subira ya mteja kuisha. Nakumatt, iliyokuwa mfalme wa rafu Afrika Mashariki, ilikosa bidhaa mwaka 2017 wauzaji walipokataa kuiletea mizigo kwa sababu ya madeni. Wateja walibadilisha bidhaa mwanzoni, kisha wakabadilisha duka, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Ugonjwa wa Nakumatt ulikuwa deni, lakini rafu tupu ndizo zilizowafundisha watu njia ya kwenda kwingine.

Kwa hiyo nawaomba watu wa aina mbili. Kampuni za unga, maziwa na mafuta ziache kumpima muuzaji wao kwa idadi ya chapa alizoingiza dukani, na zimtake alete kila wiki orodha ya kilichoulizwa na kukosekana. Ni habari ambayo leo hazina na ambayo wenye maduka wangeitoa bure. Serikali ya Kaunti ya Kajiado nayo hutoza ada ya leseni ya biashara kila mwaka, Kimuka kama Kitengela. Mwenye duka anapokuja kulipa, apewe pamoja na risiti nusu siku ya mafunzo ya kuweka ukurasa huo mmoja wa daftari.